Mchumba wa Malkia

Jumatatu, 3 Machi
Bwana shamba amekuja kumwona Malkia, mkakao wangu. Hakuna mkakao unaozaa kama huu, na aliyeupanda ni nani? Mimi. Amefukua pembeni, akanusa mizizi. Inaoza. Msimu huu ndio wa mwisho. Anasema tupate mbegu zake kabla haujaanguka, na tuuchanganye na mkakao wenye mizizi imara. Ule wa shemeji, bondeni.
Kwa shemeji! Kaka wa mke wangu hajakanyaga hapa tangu nilipoiita mikakao yake michicha. Kwani si mifupi?
Nimesema Malkia atazaa peke yake.

Jumanne, 11 Machi
Kazi imeanza. Jana jioni niliyavika maua ambayo hayajachanua vifuniko – vipande vya mpira wa maji, juu kitambaa cha neti – wadudu wasinitangulie kuyachavusha. Leo asubuhi nimechuma ua la Malkia, nikalisugua kwenye ua jingine la Malkia. Lenyewe dogo kama kifungo cha shati! Kibanio cha kulishikia ni cha mke wangu, cha nyusi. Mkono haukutetemeka. Vijana wa siku hizi wangelia.

Alhamisi, 13 Machi
Yameanguka. Yote.

Jumapili, 16 Machi
Nimerudia. Yameanguka tena. Bwana shamba anasema kuna mikakao inayokataa unga wa maua yake yenyewe, hata uibembeleze vipi, na alishaniambia. Hakuniambia. Au aliniambia nikiwa naongea.
Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta. Eti mti una kiburi, sijui umejifunza kwa nani.

Jumatano, 19 Machi
Nimekwenda bondeni. Shati la pasi. Shemeji alikuwa juu ya ngazi anapogoa, hakushuka. Nikasema nimekuja kuomba maua. Akauliza, michicha nayo siku hizi inatoa maua? Akakata matawi mawili matatu zaidi.
"Kwa hiyo umekuja kuposa, shemeji."
Nikamweleza kwamba Malkia ndiye bibi harusi, tunda litakaa kwake.
"Toka lini bibi harusi akamtuma baba yake kumtafutia mume?"
Nikacheka. Sikutaka, nikacheka! Naye akashuka. Tumechuma maua kiganja tele. Mikakao yake imesimama vizuri, mashina manene, majani yanang'aa. Sijamwambia.

Jumatatu, 31 Machi
Moja limeshika! Mengine niliyoyasugua kwa maua ya bondeni yamedondoka, lakini moja limeshika, kitunda kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nimewaambia watu wote niliokutana nao, na wengine nimewafuata majumbani. Hii kazi wanafanya wasomi wenye mashati meupe. Mimi nimeifanya kwa kibanio cha nyusi.

Jumamosi, 14 Juni
Tunda limepita kiganja changu, na kiganja changu si cha mchezo. Shemeji anakuja kila asubuhi kumwona mjukuu wake. Anasema limefanana naye. Nimemwambia kwao hakujawahi kuzaliwa kitu kirefu hivyo. Mke wangu anatuletea chai palepale chini ya mti, anasema tumekuwa kama wakunga wawili.
Malkia anapukutisha majani.

Jumapili, 31 Agosti
Limeiva, la manjano! Nimelikata mwenyewe, sikumwachia mtu. Mbegu nono, zimebanana. Bwana shamba anasema hajaona nono hivi. Nimemwambia aseme tena, shemeji asikie.
Shemeji akasikia. Kisha akasema taratibu:
"Zikaoteshwe bondeni, shemeji. Udongo wako ndio uliomwozesha mama yao."
Nimesema hapana. Mbegu za Malkia zitaota kwa Malkia. Mbegu za kakao hazingoji, zikikauka zimekufa. Malkia hana hata jani moja.
Nimesema hapana mara ya pili. Shemeji yuko nje na kikapu, haondoki. Mimi niko ndani, natafuta viatu vyangu vya mvua. Bondeni kuna tope.