Zimamoto wa Didia

Didia,
20 Agosti 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Ngassa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko mgodini Geita, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku watoto wanakula na pamba tumeuza. Baba naye ni mzima wa mwili. Ya moyo wake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana nina hasira hata usingizi sipati.

Unakumbuka mwaka jana nyumba ya bwana Januari ilivyoungua, mama yake akiwa ndani? Mwano ulipigwa, ukelele wa kuomba msaada, sote tukausikia, lakini kila mtu alidhani jirani amekwisha kwenda. Baada ya mazishi tukaanzisha chama cha zimamoto. Wanawake tuwe na madebe ya maji tayari, vijana wavute nyasi za paa na kupiga moto kwa matawi mabichi. Na kanuni ikawekwa: ambaye hatakuja asikiapo mwano wa moto, asisalimiwe, asipewe maji wala kaa la moto, mpaka atoe ng'ombe na kumwomba radhi aliyeunguliwa. Aliyeitunga kanuni hiyo ni Baba mwenyewe, akipiga fimbo chini, nasi tukampigia vigelegele. Nilijivunia kuwa binti yake.

Basi Jumapili moto ukashika kwa Masele. Ndiyo, Masele yule yule wa kesi ya mpaka wa shamba na Baba. Tulikwenda wote, hata Klara na mimba yake. Zizi tuliliokoa, ghala la mtama likateketea. Nyamizi, mke wa Masele, aliungua mikono yote miwili akimtoa mwanawe ndani bila msaada kwa upande wa nyuma, unaopakana na ua wa Baba. Na Baba, kaka, alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, anatazama! Nilimwona kwa macho yangu.

Nilipomwuliza, eti Masele aje kwanza aombe radhi ya mpaka. Loo! Mtoto aungue kwa ajili ya mpaka? Kwenye mkutano Marcel, mwenyekiti wetu, aliuliza nani hakuja. Watu wakainamisha vichwa, wanamheshimu mzee. Nikasimama mimi, nikamtaja.

Jana moto wake wa kupikia ulizimika. Alikuja mlangoni kwangu na kigae mkononi, akaniita ng'wanawane, mwanangu, akaomba kaa moja tu. Jikoni moto ulikuwa unawaka, aliuona. Sikumwamkia. Nilimgeuzia mgongo, na alipoondoka nikalia mpaka ugali ukaungua. Lakini simpi! Kanuni isipomgusa yeye basi hatuna chama, na tutazika tena.

Ng'ombe anao tele, ni kiburi tu. Miguu yake haimfikishi madukani Tinde, na mwenye duka hapa ni mwanachama. Najua atatafuta mtu wa kukuandikia, akwambie binti yake amemnyima moto, naye kwa hiyo amemlaani. Ni kweli, nimemnyima. Wewe ni mwanawe wa kiume, utamwonea huruma. Nakusihi, usimtumie kiberiti.

Msalimie sana wifi Euphrasia, na watoto wote mmoja mmoja. Mungu awalinde huko chini ya ardhi.

Ndimi mdogo wako,
Mbuke