Tanuri la Pili

Bweni la Wanafunzi wa Biashara,
Halifax, Nova Scotia.
Alhamisi, 14 Novemba 2019.

Mpendwa Mjomba Rory,

Kabla sijakusalimu, acha nilitoe hili lililonikaa kifuani, maana sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu muhula uanze sikuwahi kufungua mdomo darasani. Hata mara moja.

Haya, sasa shikamoo. Habari za huko Alberta? Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukiendesha gari safari ndefu? Mama anasema huko theluji imeshafika magotini. Hapa ni mvua na upepo tu. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mjomba. Nimechoka mpaka kope zinauma.

Profesa Delorey hutupa kisa cha kampuni fulani tukisome, na asubuhi darasa zima hubishana kampuni hiyo ifanye nini. Nusu ya alama ni kusema. Wiki jana aliniita ofisini akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nisiposema lolote kufikia Ijumaa hii nitafeli, na somo lote nitalirudia mwakani. Niliitikia kwa kichwa. Hata pale sauti haikutoka. Na unajua Mama alivyolitangazia kanisa zima kwamba nimepata nafasi huku.

Si kwamba sisomi. Leo nimeamka gizani, nikapitia kisa tena huku natafuna biskuti za shayiri alizotuma Bibi, kisha nikaenda kukutana na wenzangu wa kikundi, Landry na Prisha.

Landry, ambaye amenibandika jina la Maktaba, aliponiona tu: "Maktaba huyo! Haya, tumwagie vitu, mimi sijagusa hata ukurasa."

"Lini umewahi kugusa?" Prisha akamuuliza.

"Ndiyo maana Mungu akatuletea Maktaba, dada."

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mimi naeleza, wao wanaandika, tukiingia darasani wanayasema, na alama wanapata wao. Siwalaumu. Ukweli ni kwamba napenda kuyasikia mawazo yangu yakisemwa na mtu mwenye sauti.

Kisa cha leo kilihusu duka la mikate ambalo wateja hupanga foleni mpaka nje. Niliwaambia jibu ni rahisi: wanunue tanuri la pili.

Darasani Landry hakungoja. Alieleza vizuri kuliko mimi, akatia na utani, watu wakamuunga mkono. Yeye anaendelea kusema, mimi nikafungua jedwali la mauzo ya kila siku, nikaona nilichokiruka kwa usingizi. Foleni ni ya Jumamosi tu. Siku nyingine hata tanuri hilo moja halijai.

"Na Jumanne," Profesa akamuuliza, "hiyo mikate yote ataila nani?"

Landry akageuka akanitazama. Ningeinamisha kichwa, hakuna ambaye angejua kosa ni la nani. Nikanyoosha mkono.

"Tanuri la pili ni wazo langu, Profesa. Na nimekosea."

Sauti ilitoka kama ya paka aliyenyeshewa. Nikaeleza yale mauzo, nikasema heri wapokee oda za Jumamosi mapema, na wengine wachukue mikate yao Ijumaa jioni. Huko nyuma mtu akapiga kelele, "Kumbe anaongea!" Darasa zima likacheka. Profesa hakucheka. Aliniuliza swali jingine, gumu zaidi, nikalijibu nusu.

Tulipotoka Landry akaniambia, "Maktaba, umeniua mbele za watu."

"Nilijiua mimi kwanza."

Akacheka, akauliza kesho tunakutana saa ngapi. Nikamwambia saa ileile, ila kila mtu aje amesoma, na yangu nitayasema mwenyewe.

Msalimie Mama Colin, na Colin mwambie kofia ya sufu ninayomfumia inakaribia kuisha. Bibi naye anakusalimu. Mungu akutangulie kwenye hizo barabara za barafu, akurudishe nyumbani ukiwa salama.

Alama sijui kama zitatosha. Nilipanda chumbani, nikavua viatu, nikalala na koti mpaka chakula cha jioni kikanipita. Nilipoamka nikala ndizi, nikakuandikia barua hii. Sasa nakwenda kumpigia Mama simu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata macho yakijifumba kwa usingizi,
Ailsa