Vumbi la Chumba cha Mtoto

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile sikio la kushoto lililobakiza kusikia kidogo bado halijakuaga. Mimi sijambo, tumbo halijambo, mkweo naye hajambo; yuko safarini na lori lake, atarudi mwisho wa mwezi. Mama yuko hapa kwangu tangu wiki iliyopita na hajambo pia. Najua hutaniuliza habari zake, ndiyo maana nakupa bila kuulizwa.

Mimba ina miezi sita sasa. Dukani wameniondoa kwenye mashine ya kusaga vioo vya miwani wakaniweka mbele kupokea wateja, eti nisichoke. Matokeo yake nikirudi nyumbani nina nguvu za kusukuma kabati peke yangu. Basi nimeamua kutengeneza chumba cha mtoto. Ni kile cha nyuma, ambamo mwenye nyumba alikuwa akirundika viti vibovu. Kina dirisha kubwa la mbao, na asubuhi jua linaingia mpaka katikati ya sakafu. Kitanda nitakiweka upande wa mlango ili nimsikie mtoto, kabati la droo nne litakaa chini ya dirisha, na pazia nimeshalipima.

Nina matatizo mawili. La kwanza ni rangi. Nyumba hii ina umri wako au zaidi. Mbao za dirisha, mlango na nusu ya chini ya ukuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, na sasa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Mwenye nyumba, ambaye sisi tunamwita Bwana Kesho, amesema fundi atakuja kesho. Nikajiambia, kwa nini nimsubiri huyo na mimi baba yangu amepaka rangi nusu ya majengo ya mji? Nikwangue yote, au nipake juu yake?

La pili ni Mama. Hataki hata kuvuka kizingiti. Nilipomwonyesha shuka tatu nilizonunua, alizirudisha kwenye mfuko akaupiga fundo. Anasema mtoto hatandikiwi kabla hajafika, na kwamba yeye anajua anachosema. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kaka yangu, yule aliyefariki kabla sijazaliwa. Aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nijibu upesi. Jumamosi naanza, na nitafanya kwa mtindo wako: msasa mkavu, bila maji.

Binti yako wa pekee


19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Hali yako? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Sijapata jibu lako, nikasema labda posta, labda macho. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mara mbili kunaanza kuniaibisha.

Nimeanza bila wewe. Dirisha lote nimelimaliza, na ukuta wa upande wa kitanda. Chini ya kijani kuna rangi ya maziwa, chini ya maziwa kuna nyekundu ya udongo, halafu kijani nyingine iliyokolea kuliko ya kwanza. Nakwangua kwa kile chuma chako cha mpini mfupi, kisha nafuata na msasa. Vumbi linajaa mpaka mwanga wa dirishani unaonekana una mwili. Najifunga kitambaa kichwani, lakini nikitoka Mama ananiambia nina mvi kumshinda.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuujua ukuta kwa ulimi? Nilikuwa na miaka minne au mitano, unanibeba begani, unanipa vumbi kwenye ncha ya kidole: chokaa inauma, rangi ya maji haina ladha, rangi nzuri ya zamani ni tamu. Ulisema fundi asiyeonja anabahatisha. Nimeonja hii ya kijani, Baba, na ni tamu kweli. Nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi. Kila safu mpya nikiifikia naionja, najisikia niko nawe kazini.

Nimebakiza mlango na kuta mbili. Nimechoka kidogo, kichwa kinauma jioni, na tumbo linanikaza huku juu, lakini wenye uzoefu wananiambia mimba ndivyo ilivyo. Mtoto anacheza sana nikikaa.

Mbona kimya? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wako nimeanza kuuogopa. Kama umeudhika kwamba Mama yuko kwangu, sema tu.

Binti yako


6 Machi

Mwanangu,

Leo sikusalimu. Fanya haya kwanza, kisha ndipo uendelee kusoma.

Usiingie tena chumba kile. Funga mlango, ziba chini yake kwa kitambaa kilicholowa. Usifagie, kufagia kunaliamsha vumbi. Nguo ulizokwangulia ziweke kwenye mfuko, usizifue pamoja na nyingine. Osha nywele, osha mikono mpaka kwenye viwiko. Usionje kitu. Nenda hospitali leo, usiseme una uchovu, waambie ulikuwa ukikwangua rangi ya zamani ya mafuta, na kwamba wapime kama kuna madini ya risasi katika damu yako. Waandikie neno hilo ikibidi.

Mwenye duka wa hapa nimempa namba yako akupigie leo hii akusomee mistari hiyo. Mimi simu siisikii, unajua. Iliyobaki sikutaka isomwe na mdomo wa mtu mwingine.

Barua yako ya kwanza niliipata tarehe saba mwezi uliopita. Ya pili niliipata tarehe ishirini na mbili. Posta haina kosa, na macho yangu hayana kosa.

Kaka yako alikufa akiwa na miezi kumi na minne. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi mitano alipoanza kuandaa chumba chake. Alishona mapazia, akapanga nguo, akanipa orodha. Mimi nilikwangua kuta, na madirisha niliyachoma kwa moto ili rangi ilegee. Vumbi lilikaa kwenye mapazia hayo. Mtoto alipozaliwa nilikuwa nikitoka kazini namchukua kabla ya kunawa, na alipenda sana kunyonya kola ya shati langu la kazi. Mama yako alikuwa akicheka. Mtoto akaanza kutapika, akakosa usingizi, akashikwa na degedege. Hatukujua ni nini, na waliomtibu hawakujua.

Baada ya maziko watu walisema mama yako alijitanguliza kuandaa. Naye akaamini. Na siku moja, tukigombana kwa jambo jingine kabisa, mimi nilimwambia ni kimbelembele chake. Hapo nilikuwa sijui, hilo naapa.

Nilijua wewe ukiwa na miaka sita. Tulikuwa tunapaka shule, akaja mkaguzi akasimamisha kazi, akatupima damu sisi sote mafundi. Akatueleza rangi za zamani zina nini na zinawafanya nini watoto. Akasema utamu huo ndio sumu yenyewe. Nilirudi nyumbani nikanawa kwa saa nzima. Kuanzia siku hiyo sikukupeleka tena kazini. Wewe ulilia ukidhani nimekuchoka. Mama yako alikuwa jikoni. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia, na sikuisema, siku ile wala miaka iliyofuata. Kila mwaka ilizidi kuwa nzito. Aliondoka nyumbani bado anaamini ni mkono wake.

Kwa hiyo uliponiuliza habari ya rangi, niliogopa. Ningekwambia usikwangue, ungeuliza nimejuaje. Nikajidanganya kwamba kwa bahati huyo Bwana Kesho atakuchelewesha, au kwamba rangi yenyewe ni mpya. Ilipokuja ya pili, niliposoma neno tamu, nilijua imeshaingia mwilini mwako. Hata hapo nilichukua siku kumi na mbili. Husemwa majuto ni mjukuu.

Mama yako usimwambie kwanza. Acha nipate namna.

Nakuomba uniambie hali yako.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwenye duka alinipigia nikiwa kazini, namhudumia mzee mmoja aliyepoteza miwani yake. Alisoma polepole kama mtu anayesoma hotuba. Nilimwacha yule mzee amesimama.

Wamepima. Imo. Si kiasi cha kunilaza, wamesema, lakini ni zaidi ya wanachotaka kukiona kwa mwenye mimba. Daktari aliniuliza nimefanya kazi hiyo kwa siku ngapi, na kama ni kweli niliionja. Aliuliza mara mbili hilo la kuonja. Nilimwambia nilifundishwa.

Mtoto hapimwi mpaka azaliwe, watachukua damu ya kitovu. Mpaka siku hiyo hakuna wa kuniambia kitu. Nimepewa vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu, nimeambiwa nile vizuri na nisiwe na wasiwasi. Naogopa, Baba. Akicheza najiuliza kama anacheza au ni degedege. Akitulia naweka mkono hapo na siuondoi mpaka anipige. Mkweo amerudi, ananikuta nimekaa vivyo hivyo.

Tarehe saba Februari nilikuwa nimegusa dirisha tu. Ungeniandikia siku ile, kuta zote na mlango ningeviacha. Ulipokuwa unatafuta namna, mimi nilikuwa juu ya ngazi. Nimehesabu; ni siku ishirini na saba.

Usiniombe nimfiche Mama. Amekaa kwenye kiti nje ya chumba kile kilichofungwa, anasema alinionya, na analia kwa sababu anadhani amekuja na mkosi wake nyumbani kwangu. Jana alitaka kufunga mzigo aondoke ili mtoto apone. Nimemzuia. Lakini sitasema maneno yako kwa niaba yako. Mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, na uanze na ile sentensi moja. Nakupa wiki mbili.

Mimi


23 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi nipo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo, ya mama yako. Nimeifunga. Niliichana mara tano, hii ya sita nimeiacha ilivyo. Sentensi imo, ndiyo ya kwanza.

Kama utaniruhusu nitakuja nikitengeneze chumba. Kuna namna ya kukwangua kwa maji, na plastiki sakafuni, na kila kitu kinatolewa kikiwa kimelowa. Naijua, tulifundishwa siku zile. Mikono inatetemeka lakini kazi hiyo haitaki mikono iliyotulia, inataka uvumilivu.

Mtoto anacheza?

Baba yako


29 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijapata jibu lenu. Naenda posta kila Jumatatu na Alhamisi, na karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Mimba inatakiwa iwe imetimia.

Mwenye duka nilimwomba apige simu. Anasema ilipokelewa, akasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, alipotaja jina langu ikakatwa. Nilimuuliza kama nyuma ya sauti hiyo alisikia mtoto analia. Akasema hakusikia.

Nyumba yangu ni tulivu, na mimi ni kiziwi, lakini usiku huu wa tatu naamka nikidhani nimeitwa. Naogopa kukuandikia na naogopa kutokuandika. Niandikie hata neno moja. Hata kama ni lile ninaloliogopa.

Baba yako


17 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi ni wazima, na nitakueleza maana ya neno hilo hapo chini.

Alizaliwa tarehe ishirini na mbili Aprili, msichana, kilo mbili na nusu. Alilia mara moja na kwa hasira. Analala chumbani kwetu, kitanda chake kimebanwa kati ya ukuta na kabati mpaka mkweo anaingia kitandani kwa kupanda upande wa miguu. Chumba cha nyuma kimefungwa. Bwana Kesho alipoonyeshwa karatasi ya hospitali alituma mafundi siku ileile, wakaja wamevaa barakoa. Usije kukitengeneza. Siwezi kukuona umeshika msasa.

Damu ya kitovu waliipima. Imo, kidogo. Kila mtu ananiambia kidogo kwa sauti ya kunifurahisha, lakini daktari nilipomuuliza kama kidogo ni sawa na hakuna, alisema hapana. Atapimwa akiwa na miezi mitatu, sita, mwaka, na kuendelea. Watatazama anakaa lini, anasema lini, anatembea lini. Kila mama anatazama hayo kwa furaha. Mimi nitayatazama huku nimebana pumzi, na hilo limetoka kwako.

Mama alisoma barua yako jikoni, amesimama. Aliimaliza, akairudia mwanzo, akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi mkaguzi alipokuja shuleni. Nikamwambia sita. Alihesabu kwa vidole, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kisha akasema kwamba tangu kaka afariki hajawahi kununua kitu cha kesho. Chumvi ananunua ya siku moja. Nilikuwa nadhani ni ubahili, Baba, nimemtania kwa hilo maisha yangu yote.

Simu ya mwenye duka aliikata yeye. Siku hiyo tulikuwa hospitali bado tunangoja majibu, na mimi nilimwambia asikate, akakata.

Wiki hii, kwa mara ya kwanza, alitoka kwenda madukani peke yake. Alikaa muda mrefu nikaanza kuhangaika. Alirudi na gauni la njano, lina mifuko miwili na vifungo nyuma. Nililifungua nikalipima kwa mkono, nikamwambia amekosea, hili ni la mtoto wa miaka miwili. Akasema hajakosea. Akalitundika ukutani juu ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo sote tunaliona, akasimama akilitazama.

Nilimuuliza nikuambie nini kuhusu kuja. Akasema, "Mwambie asije sasa. Aje siku litakapomkaa."

Nami nimeona ni haki. Niandikie, nitakujibu.

Binti yako