Kwilti ya Kiende

Jumanne, 7 Juni 2016

Shoo ya kilimo ya Meru imefunguliwa. Hema letu wamelisukuma karibu na ng'ombe wa maziwa. Harufu! Lakini kuna kivuli. Nimezitundika kwilti zote peke yangu. Mwaka jana Kiende, msaidizi wangu, ndiye aliyepanda juu ya meza, mimi nikimshikilia meza isiyumbe, naye anapiga mluzi kama kijana wa ng'ombe. Leo nimepanda mwenyewe.

Asubuhi mume wangu Bundi aliniambia, kama ni ngumu acha, hakuna wa kukulaumu. Si mtu wa maneno. Nikamjibu nisipofundisha nitakaa nyumbani nikimfikiria Kiende. Hata hapa namfikiria tu.

Darasa likajaa. Wote wanataka waridi. Kila mwaka waridi! Nikawaonyesha: kata petali, zipange juu ya kitambaa, kunja ukingo kidogo kidogo na ushone kwa mkono mpaka ua litokee. Baadaye pamba katikati, kitambaa cha nyuma, halafu unashona zote tatu pamoja. Kama blanketi, lakini bustani.

Nikiwa katikati ya maneno akaingia mwanamume. Mzee wa koti la kijivu na buti za mpira, mkononi mfuko wa unga. Nikadhani anatafuta ng'ombe. Akaketi mbele. Cicily, mama mmoja wa Mikinduri mwenye sauti, akamwambia mzee, hapa ni pa akina mama.

"Najua," akasema. "Mimi nimekuja kushona."

Wakaangua kicheko. Nilikuwa karibu kucheka nami – ndipo akavua kofia. Ishmael. Baba yake Kiende. Tulionana mara ya mwisho Februari, kaburini.

Alichokitoa kwenye ule mfuko sitaandika leo. Siwezi.

Jumatano, 8 Juni

Sasa naweza.

Ni kwilti ya mtoto. Ile Kiende aliyoianza alipokuwa mjamzito. Nilimwambia weka waridi, itapendeza. Akasema, "Mwalimu, waridi linaliwa?" Akaweka ua la kiazi. Ua la boga, la manjano, kubwa kama sahani. Ua la kahawa. Ua la njahi, yale maharagwe meusi, lile la zambarau. Shamba zima la baba yake, pale Kianjai. Miaka minne alikuwa msaidizi wangu na sikuwahi kushinda naye hoja hata moja.

Maua machache ameyashona. Mengine ameyakata tu na kuyabana kwa pini, mahali pake hasa. Mraba mmoja, ule wa pembeni, ni mtupu. Hakusema ni wa nini.

Alijifungua, damu ikakataa kukoma. Mtoto alipona. Msichana. Tulimzika Kiende kule Kiambere kwa mume wake, Njagi, upepo ukitupuliza vumbi machoni. Sikumbuki mengi.

Mzee akaweka kitambaa juu ya meza yangu na kukinyoosha kwa viganja vyote viwili. Akasema: "Mwalimu, wewe ndio ulimfundisha. Sasa nifundishe mimi. Nataka kumaliza."

Hakuna aliyecheka tena.

Alhamisi, 9 Juni

Mikono ya Mzee ni ya kuvuna miraa na kushika jembe. Sindano inapotelea humo. Kutia uzi kulimla nusu ya darasa, na hakukubali kusaidiwa. Mshono wake wa kwanza ulikuwa mkubwa kama jino la jembe. Nikaufumua. Wa pili, nikaufumua. Akajidunga, tone la damu likaingia kwenye petali ya kahawa, nyeupe pe! Akasimama na kutoka nje ya hema. Nikamfuata. Alikuwa amesimama na wale ng'ombe, amenipa mgongo.

"Nimeharibu kazi yake."

Nikamwambia damu ya kidole chako mwenyewe inatoka kwa mate yako mwenyewe, ndivyo sisi tunavyofanya. Tema kidogo, sugua. Akanitazama kama ninamchezea. Akajaribu. Ikatoka! Akarudi akaketi.

Jumamosi, 25 Juni

Kianjai, ukumbi wa kanisa. Darasa langu la mwisho wa mwezi. Mzee alifika kabla ya wote, amefagia. Ua la kiazi limekamilika. Si zuri. Petali moja imekunjika kama sikio la mbuzi. Lakini limeshika.

Alikuja na dada yake mkubwa, Gacheri, na mtoto wa Kiende mgongoni. Ndiyo mara ya kwanza nimemshika. Mzito. Ananiangalia bila haraka. Ana paji la uso la mama yake – niliinua macho nikakuta Mzee ananitazama, tukaangalia kando sote wawili.

Jina lake ni Wanjira, la mama yake Njagi, kama desturi ya kwao. Mzee anamwita Kiende akidhani hatusikii.

Gacheri akanivuta kando tulipokunywa chai. Familia mbili zilikubaliana Februari, anasema. Mtoto alelewe kwa guka, babu yake, mpaka aanze uji, halafu aende kwa baba yake. Agosti. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine, mzee ni mjane, hana mwingine nyumbani. Gacheri hakukasirika. Akasema: "Mimi nimeisha, mwalimu. Usiku nikimwinua, kiuno kinalia kabla yake. Mtoto anataka mgongo wenye nguvu. Ishmael anajua mtoto ataenda. Ndio maana anashona."

Ndio maana anashona.

Jumatano, 13 Julai

Mikinduri, nyumbani kwa Cicily. Mzee amekuja mpaka huku. Sasa wanamwita Baba Kiende na kumwekea kiti cha dirishani. Anashona na ulimi nje.

Cicily ana moyo mzuri na mikono isiyotulia. Mzee alipotoka kwenda msalani, akaichukua kwilti, akaiweka kwenye cherehani na kupiga ua zima la boga – trrrr – kwa wema tu. Mzee aliporudi, akamwonyesha.

Mzee akalishika. Akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele. Akasema, "Mama, mshono yako ni safi kuliko yangu." Kisha akakaa akaufumua, uzi mmoja mmoja, polepole asije akapasua kitambaa. Cicily akaanza kulia. Mzee akampigapiga mkono na kumwambia asilie, si hasira. Ni kwamba akiwa na hii kitambaa mkononi, bado kuna kitu Kiende amemwachia afanye.

Nilitoka kusimama kwenye migomba ya Cicily mpaka nilipoweza kurudi.

Jumamosi, 23 Julai

Kianjai. Mtoto alikuwa na homa, Mzee hakuja. Nikapita kwake jioni. Homa imeshuka. Nilimkuta ameketi mlangoni, mtoto amemlalia kifuani, kwilti magotini, haishonwi. Hawezi kushona na kushika mtoto. Amechagua mtoto.

Akaniuliza juu ya ule mraba mtupu. Kiende angeweka nini? Nikafikiri. Macadamia? Ndizi? Nikasema ukweli: sijui. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alitegemea kwamba mimi nitajua. Hata mimi nilidhani namjua vya kutosha.

Jumapili, 7 Agosti

Njagi amepiga simu. Si kwa Mzee, kwangu! Anaona aibu. Anasema retriti ya akina mama ya Embu, mafungo ya kanisa ambako nafundisha, mama yake atakuwepo pamoja na akina mama wa kanisa lao. Embu ni kati, si mbali kwa yeyote. Mtoto akabidhiwe huko, Jumapili ya ishirini na moja. Je, naweza kumwambia Mzee?

Nilitaka kumwambia amwambie mwenyewe. Ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama nje kwenye jua kwa muda mrefu. Anafanya kazi ya ulinzi, na ameoa tena, Mukami, msichana wa jirani. "Ni mtu mzuri, mwalimu. Amemshonea mtoto chandarua cha kitanda." Halafu akasema hajamwona mtoto tangu mazishi. Kila akipanga safari anafika steji ya matatu anarudi. Nikamuuliza kwa nini. "Wanasema anafanana na mama yake."

Nikasema nitamwambia Mzee.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimemwambia. Akasema, "Sawa." Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ijumaa, 19 Agosti

Embu. Nyumba ya wageni ya kanisa, baridi, ukungu mpaka saa nne. Retriti ni ya wanawake, lakini mlezi wa retriti alipoelezwa akampa Mzee chumba cha mlinzi na kusema akae verandani na sindano zake. Gacheri amekuja na mtoto.

Darasa la mchana. Mama mmoja mwembamba, leso ya kijani kichwani, akaketi nyuma kabisa. Hakuuliza kitu. Wenzake walichagua waridi (!), yeye hakuchagua. Darasa lilipokwisha akabaki.

"Mimi ni mama yake Njagi."

Nilikuwa nimejiandaa kutompenda. Nimejiandaa wiki mbili nzima! Akasema: "Hii kitu atakuja nayo mtoto, itachanika. Watoto wanavuta. Nani atarekebisha? Nifundishe kushona kama babu yake anavyoshona, siku ikichanika nijue."

Nikamtilia uzi kwenye sindano.

Jumamosi, 20 Agosti

Mama Njagi amekwenda verandani. Niliona kupitia dirishani, darasa zima liliona, tukajifanya tunapiga pasi. Aliketi kwenye ngazi, chini ya Mzee, si kwenye kiti. Mtoto alikuwa kwenye mkeka akila vidole vyake.

Mzee alikuwa ameshika ule mraba mtupu. Mengine yote tayari, pamba imeingia, nyuma imeshonwa. Umebaki huo tu.

Nilitoka kuwapelekea chai, nikasikia.

"Haujui utaweka nini," Mama Njagi akasema.

"Hakuniambia."

"Weka ua ya ndengu. Huko kwetu ndio tunapanda. Hizi zingine zote ni za kwenu."

Nilisimama na birika. Nikafikiri Mzee ataondoka, kama siku ile ya ng'ombe. Uso wake ulifungika kabisa. Mama Njagi hakurudisha neno lake wala hakuongeza. Mtoto akakohoa, wote wawili wakanyoosha mkono, mkono wa Mama Njagi ukafika kwanza, halafu akaurudisha ili wa Mzee upite.

Mzee akamwinua mtoto, akampangusa. Akauliza, bila kumtazama:

"Hiyo ndengu, ua yake ni rangi gani?"

"Manjano. Lakini si kama ya boga. Manjano imechoka kidogo."

Nimepekua mifuko yote ya vitambaa. Manjano iliyochoka. Niliipata kwenye bitana ya gauni kuukuu. Mama Njagi akachora petali kwa chaki, nami nikakata. Mzee ameanza kushona.

Jumapili, 21 Agosti

Njagi alifika baada ya ibada, na gari la kukodi, dereva ana haraka ya kurudi Kiambere. Amekonda. Akamsalimu Mzee kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mzee akasema, "Karibu, mwanangu. Bado kidogo, namaliza." Petali ya mwisho.

Mtoto alikuwa analia, amemkataa Gacheri, amenikataa mimi. Mzee akatandika kwilti sakafuni pale verandani, akamlaza juu yake, akaendelea kushona ile kona akiwa amepiga magoti. Mtoto akanyamaza. Akalala hivyo hivyo, shavu juu ya ua la kiazi.

Njagi alisimama kwenye nguzo, anamwangalia bintiye, hakuweza kusogea. Machozi yanashuka na hayafuti. Mama yake akamwambia kwa Kimbeere, sauti ndogo, nadhani alimwambia aje karibu. Akaja hatua moja.

Dereva akapiga honi. Mama Njagi akaanza kukusanya chupa na nepi. Mzee ameacha kushona. Petali imeshonwa, niliona. Fundo limefungwa. Kilichobaki ni uzi tu, kutoka kwenye kitambaa mpaka kwenye sindano mkononi mwake. Mtoto juu ya kwilti, Mzee chini, amepiga magoti.

Halafu Mzee akaniangalia mimi. "Mwalimu, nipatie mkasi nikate."

Nikasema mkasi uko stoo, ngoja nikalete.

Niko stoo. Nimekaa juu ya gunia la pamba na naandika. Mkasi uko kwenye mfuko wa aproni yangu, umekuwa humo tangu asubuhi; nikimpa, mtoto anaondoka. Honi tena. Nasikia Gacheri akimwambia dereva ngoja, mwalimu anatafuta. Sasa kuna zile buti za mpira ukumbini, polepole, zinakuja huku –