Rehani Niliyoipanda Mapema

Eldoret,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali rudisha mlango na uhakikishe Mama yuko uani au amelala. Haya ni yako peke yako. Usimsomee Mama, usimdokezee shemeji, wala usimpe mtoto akusomee eti miwani imepotea. Ukimaliza, itie motoni chini ya sufuria. Najua huwezi kutupa karatasi yenye mwandiko wangu, lakini hii itupe. Sikuitia posta, ameichukua mtu wa msikitini anayeteremka Mombasa, naye hajui kilichomo.

Baada ya hayo, salamu nyingi. Mnaendeleaje? Presha ya Mama imeshuka? Anakunywa dawa, au bado anazificha chini ya mto na kuapa kwamba amekunywa? Na mgongo wako je, ukiinama kuchuma maua ya kufunga vikuba vya kuwauzia maharusi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Chakula kipo, maziwa ni mengi, na nimejifunza kulala na soksi.

Utakumbuka siku niliyoondoka ulinifungia mbegu za rehani katika pembe ya leso, ukaniambia, "Panda vuli ikianguka. Usikae chumba kisichonukia kama mahabusu." Nilikutii. Mwezi wa kumi na moja ikanyesha siku chache, nami nikasema hii ndiyo vuli yetu, imenifuata. Mama Jerono, mwenye nyumba ninayopanga hapa Kapsoya, akanipa kipande kidogo nyuma ya jiko lake. Zikaota. Dada, sijapata kufurahi namna ile tangu nije huku. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nachutama pale kwanza, ndipo nafungua chumba. Huku hakuna anayeniita Salim. Ofisini mimi ni Pwani, dukani mimi ni Mswahili, na kwa Mama Jerono nilikuwa "kijana ya nyumba ya nyuma." Nikisugua jani moja kwenye kiganja nilikuwa naisikia sauti yako ukigombana na wateja.

Baada ya Krismasi mvua ikakatika na mawingu yakaondoka. Asubuhi moja nilitoka nikakuta nyasi zote nyeupe, nikadhani mtu amemwaga chumvi. Ulikuwa umande, umeganda. Rehani ilikuwa bado imesimama, lakini jua lilipoipiga, majani yakawa meusi kama yaliyounguzwa na pasi, yakalala. Mama Jerono akatoka kukamua, akanikuta nimeinama.

"Unalilia mboga?"

"Si mboga, Mama. Ni ya kunukia."

"Sasa wewe unapanda kitu ya kunukia na hii baridi? Si ungeniuliza! Hapa mawingu ndiyo blanketi. Mungu akitoa blanketi, hata sukuma yangu inashikwa na kifua." Akacheka mpaka ndoo ikatikisika. "Ngoja mvua ya mahindi. Ukiona watu wanapanda mahindi, na wewe panda majani yako."

Kwa hiyo ujue, Dada, na umwambie Mama kama jambo la bustani tu: vuli ya huku si vuli. Anayeiamini ananyang'anywa.

Juma lile lile mashine moja ndogo ya taipu ilipotea ofisini kwetu. Zamani ungekuwa wizi tu. Siku hizi taipu ikipotea watu hawaulizi imeuzwa wapi. Wanauliza inachapa karatasi gani za kuipinga serikali. Watu wameanza kuongea huku wakitazama mlango, na beji ya chama, ambayo wengine walikuwa wakiisahau nyumbani, sasa iko kifuani kwa kila mmoja, hata kwa mama anayetupikia chai.

Saa ya chai, Koech, karani mwenzangu ambaye mizaha haimwishi, akanigeukia.

"Pwani! Leo umenuna kama umefiwa."

"Naiwaza rehani yangu," nikasema. "Niliiweka mapema mno. Sijui kama itarudi."

"Rehani! Wacha wewe! Uliweka kwa nani?"

"Kwa Mama Jerono, nyuma ya jiko."

Meza nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Nilifurahi, Dada. Nilidhani kwa mara ya kwanza nimewachekesha.

Huku neno hilo lina maana moja tu: kitu unachokiacha kwa mtu ili akupe pesa. Hakuna aliyewahi kuinusa rehani. Wao walisikia kwamba nimechukua kitu, nimekiweka kwa mama fulani nyuma ya jiko, na sina hakika kama kitarudi. Kabla ofisi haijafungwa, Meneja alikuwa ameshaambiwa. Na nani, sijui. Koech ameacha kunitania tangu siku ile. Ni afadhali angenitania.

Meneja si mtu mbaya. Alinikalisha, akafunga mlango mwenyewe.

"Kijana, taipu iko wapi?"

"Sijui, Mzee."

"Lakini uliiweka rehani."

"Rehani ni mmea, Mzee. Ni majani ya kunukia. Kwetu tunayatia kwenye chai, maharusi wanayavaa, na tunayaweka makaburini."

"Chai, harusi na kaburi. Majani hayo hayo?"

Nikaomba ruhusa, nikamletea kamusi ya ofisi. Nilikuwa na hakika, unajua nilivyokuwa nikisifiwa shuleni kwa Kiswahili. Akafuata mistari kwa kidole.

"Hapa. Rehani: dhamana ya mkopo. Mmea wako uko huku, kwa M. Mrehani. Wewe ulisema hiyo m?"

"Hapana, Mzee. Nyumbani kwetu hatuitamki."

"Basi kitabu umeleta mwenyewe, na kitabu kimekushtaki."

Walitumwa watu wawili kwa Mama Jerono. Walipekua jiko, wakapekua mpaka zizi la ng'ombe. Walipomwuliza niliweka nini pale, akajibu, "Majani." Wakatazamana. "Majani gani, Mama?" Akawaka: "Si bangi hiyo mnafikiria! Ni majani ya kwao, na imekufa na baridi!" Wakaving'oa vijiti vilivyobaki, wakaenda navyo. Sasa hata vijiti sina.

Jioni ile Mama Jerono alikuja mlangoni pangu, hakuingia. Alisema, "Salim, mimi niko na watoto." Hilo tu. Ndiyo mara ya kwanza kusikia jina langu katika mji huu, na nilitamani angeniita kijana.

Meneja amenipa nafasi moja. Mkubwa atakuja kutoka Nairobi kukagua wakati wa mvua ya mahindi, na jina langu litawekwa mbele yake au halitawekwa. "Nionyeshe hiyo kitu imesimama kwa udongo, pale pale ulisema ilikuwa," aliniambia. "Niinuse na pua yangu. Usiniletee ya kukatwa. Ukikosa, mimi sitakufa na wewe." Yuko karani wa ofisi jirani aliyechukuliwa mwaka jana. Chumba chake amepangishwa mtu mwingine, na wenzake wakimtaja wanasema "yule." Siku hizi naogopa kuwa "yule."

Fundi Bakari, mshonaji wa karibu na msikiti, alitaka aende kwa Meneja akaape kwamba rehani ni mmea. Nilimkataza. Angekuwa Mswahili wa pili mwenye neno la ajabu.

Unaona shida yangu? Wakati wa kupanda huku ndio huo huo wa kuulizwa. Siwezi kuingoja mvua. Nimeokota mkebe wa mafuta ya kupikia, nimeutoboa chini na kuujaza udongo wenye mbolea ya ng'ombe. Mbegu utakazonitumia nitaziotesha chumbani, karibu na jiko la makaa. Jua likitoka nitauweka nje, likipungua nitaurudisha ndani kama mtoto mchanga. Mawingu yakirudi na mvua ikishika, ndipo nitaihamishia nyuma ya jiko. Muulize Mama, kama mtu anayeuliza tu, kama yeye huziloweka kwanza, na kama huzifukia au huzinyunyizia udongo juu. Za kwanza nilizifukia, zikachelewa. Safari hii sina pa kuchelewa.

Mama nibusie mkono, mwambie baridi imepungua na kazi ni nzuri. Shemeji, baba wa watoto, umsalimu sana. Shangazi yetu mkunga umwambie nimeanza kunywa maziwa, atafurahi. Watoto uwabane mashavu kwa niaba yangu.

Sasa sikiliza vizuri namna ya kunipata. Usiniandikie kwa sanduku la ofisi. Mbegu zishone ndani ya pindo la kanzu yangu ya zamani, kanzu umpe kondakta wa basi, ifike kwa Fundi Bakari wa msikitini, na umwandikie "ya kufupishwa" tu. Atafumua mwenyewe, nimeshamwambia. Neno lenyewe usiliandike popote.

Na Mjomba Hamadi, akipandisha lori la chumvi mvua ikishaanza, mwombe apite Kapsoya. Asiende ofisini na asimtajie mtu jina langu. Aulize nyumba ya mama mwenye ng'ombe wa madoa, apite ubavuni, kama mtu anayetafuta maziwa, mpaka nyuma ya jiko. Pale asimame avute pumzi. Kama pananukia kama nyumbani, abishe hodi, niko ndani. Kama hapanukii kitu, anunue maziwa, ashukuru, aende zake, na asiseme ametoka wapi.

Mdogo wako,
Salim