Yuko Darasani, Mama

Jumatano, 10 Septemba

Mchana nimekula tena kwenye ngazi za maktaba. Sambusa za jana, baridi. Bwalo la chakula bado siliwezi. Si chakula chenyewe. Ni ule wakati wa kusimama na sinia mkononi huku kila meza ina watu wake. Leo nimefika mpaka mlangoni, nikageuka.

Kipindi cha hesabu profesa aliniuliza swali. Jibu nilikuwa nalo. Nikalisema. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, kwa upole, ameinamisha kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa. Nikasema sijui. Kijana wa mbele yangu akatoa jibu lile lile, akasifiwa.

Naogopa kuulizwa. Naogopa kuvuka barabara iliyo mbele ya chuo. Naogopa hata joto la hapa Houston. Morogoro kuna joto, lakini la nyumbani lina upepo wake. Mama amepiga simu. Nimemwambia kila kitu ni kizuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku nzuri. Niiandike, maana si nyingi.

Ciru amenipeleka kwa gari lake kwenye duka la Wanaijeria linalouza unga wa sembe. Ciru ni mwenzangu wa chumba hapa hosteli. Jina kamili Wanjiru. Wazazi ni Wakenya, yeye kazaliwa Arlington, huko upande wa Dallas, na mama yake ni nesi. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. Akijaribu kukisema anajicheka mwenyewe. Anasoma masomo ya kuingilia unesi. Ni mama yake aliyetaka.

Njiani alifungulia muziki mpaka vioo vikatetemeka. Nilishika mkanda kwa mikono miwili barabara nzima. Akanicheka. Nikacheka.

Nisipomhesabu yeye, sina mtu katika jiji hili. Hiyo ndiyo hali.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeondoka asubuhi, Ciru amelala. Nimerudi jioni, Ciru amelala. Nguo zile zile za juzi. Nimemuuliza kama anaumwa. "I'm good," akasema, akageukia ukutani.

Labda amechoka tu. Kila mtu hapa amechoka.

Jumanne, 23 Septemba

Simu yake iliita mfululizo. Akanipa niipokee. Kwa ishara tu, kichwa kikiwa bado ndani ya blanketi. Ilikuwa mama yake. Sauti ya haraka, ya mtu aliye kazini.

"Wanjiru ako wapi?"

Nikamwangalia Ciru. Akatikisa kichwa.

"Yuko darasani, mama."

"Haya, Mwanaidi. Mwambie anipigie. Na uhakikishe anakula, sawa?"

Nikasema sawa. Nikamrudishia Ciru simu. Uongo wenyewe ulitoka kirahisi. Hilo ndilo limenitisha.

Ijumaa, 26 Septemba

Mama Ciru akija kumwona humwachia chakula kwenye vikopo. Githeri, makande ya kwao, chapati zilizofungwa moja moja, mchuzi wa kuku. Leo nimefungua friji. Vyote vipo. Githeri imeota ukungu mweupe. Nimevitoa, nimeviosha kimoja kimoja kwenye sinki. Ciru alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

Nilipomaliza ndipo akasema. Amefeli mtihani wa kwanza wa kemia. Wa pili hakwenda kabisa. Asubuhi akiamka mwili haunyanyuki, kama umejazwa mchanga. Halali vizuri, na haamki vizuri. Alisema haya yote akiangalia dari. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikamwambia amwambie mama yake. Akakaa wima mara moja. Mama yake amefanya kazi za usiku miaka yote, amejisomesha mwenyewe, amelitangazia kanisa zima kwamba binti yake atavaa nguo za unesi. Akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Nimeapa.

Jumatatu, 29 Septemba

Simu zote darasani zililia kwa pamoja. Jaribio la tahadhari ya chuo, hakuna lolote. Wenzangu hawakuinua hata macho. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza nusu mwili.

 Kila nikirudi chumbani nasimama kwanza mlangoni, nasikiliza. Nikisikia kitanda kinalia, naingia.

Jumanne, 30 Septemba

Mama yake kapiga tena.

Yuko darasani, mama.

Jumatano, 1 Oktoba

Mwenyezi Mungu anajua ninavyojisikia, basi niseme ukweli hapa. Kiapo si sababu yangu kubwa ya kunyamaza. Naogopa nikisema, Ciru ataondoka. Nitabaki chumba kizima peke yangu. Nani atanipeleka dukani, nani atacheka nikisimulia habari za profesa. Najifikiria mimi. Mtu anadidimia mbele yangu, nami nafikiria unga wa sembe.

Kesho nitakwenda kwa msimamizi wa ghorofa yetu. Ni msichana wa mwaka wa tatu, anaonekana mwema. Sijui nitaanzaje.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitaweza.

Nimerudi mchana kutoka maabara. Kitanda chake kitupu. Kimetandikwa. Ciru hajatandika kitanda tangu tuanze kuishi pamoja. Simu yake ilikuwa juu ya mto, imelazwa kifudifudi. Nikaitia mfukoni.

Nilimtafuta bafuni. Chumba cha kufulia. Maktaba. Msimamizi wa ghorofa hakuwepo. Nikazunguka hosteli huku nikiita jina lake kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Watu wakinipisha. Halafu nikakumbuka gari.

Jengo la maegesho liko nyuma yetu. Yeye huegesha popote panapopatikana. Nikapanda ghorofa moja baada ya nyingine kwa miguu. Nikalikuta juu kabisa, kwenye jua, hakuna paa. Huku Oktoba bado ni kiangazi. Sakafu ilikuwa inachoma kupitia soli za viatu.

Alikuwa ndani. Kiti cha dereva. Vioo vyote vimefungwa, injini imezimwa. Nywele zimemganda usoni kwa jasho. Macho wazi, yanatazama mbele, ukutani. Nikagonga kioo. Hakugeuka. Nikavuta mlango, umefungwa. Nikagonga kwa ngumi, nikagonga kwa kiatu. "Ciru, fungua. Fungua, mwenzangu." Hakugeuka. Sijawahi kuogopa hivi maishani mwangu. Si baharini, si msibani, si popote.

Nikapiga namba ya dharura. Mwanamke akapokea. Nikaeleza. Akasema hanielewi, nirudie. Nikarudia. Akasema taratibu, nirudie. Ulimi ukataka kukataa, kama siku ile darasani. Nikarudia. Jina la chuo, jengo, ghorofa ya juu, rafiki yangu, gari, joto. Neno moja moja, kama ninayemfundisha mtoto kusoma. Akasema sawa, wanakuja, nisiondoke, niendelee kugonga.

Nikaendelea. Nilikuwa nalia na kugonga kwa pamoja. Nilimwimbia hata nyimbo za shule ya msingi, sijui kwa nini.

Kisha kufuli ikaruka. Mlango ukafunguka kidogo tu. Hewa iliyotoka mle ilikuwa kama ya tanuri la mikate. Nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye kivuli cha gari. Nilimmiminia maji yote ya chupa yangu kichwani. Ngozi yake ilikuwa ya moto, midomo imepasuka. Akasema kwa Kiingereza kwamba alitaka tu kukaa mahali pasipo na mtu. Akasema hakukusudia kukaa sana. Sikujua niamini lipi. Nikamkumbatia mpaka watu wa gari la wagonjwa walipofika.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akasema amewahiwa. Neno hilo limekwama kifuani.

Simu yake nilikuwa nayo mfukoni. Ikaita nikiwa nje kwenye korido. Mama yake.

"Mwanaidi? Wanjiru ako darasani?"

Hata yeye sasa aliuliza hivyo, kashazoea jibu langu.

"Hapana, mama. Hajaenda darasani muda mrefu. Tuko hospitali. Yu hai."

 Nikasikia mlio wa funguo zake za gari.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama Ciru alifika akiwa bado na nguo zake za kazi. Ameendesha kutoka Arlington bila kusimama. Nikainuka, nikamwamkia. "Shikamoo, mama." Akasita, Wakenya wa kwao hawana sana mazoea hayo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akapita moja kwa moja kwa mwanawe. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kama nesi. Halafu akaweka kichwa kwenye shuka, akawa mama tu.

Baadaye akatoka koridoni.

"Ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

 Nilisubiri matusi. Ningeyapokea.

"Na mimi nilikuwa najua kitu si sawa," akasema. "Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikajiambia ni masomo." Akafuta uso kwa kiganja. "Umekula?"

Nikasema hapana. Akaninunulia mkate na chai kwenye mashine, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

Ciru hataki kuniona. Nilipoingia kumuaga aliniambia nitoke. Kwa Kiingereza, maneno mawili, bila kupaza sauti. Nimevunja kiapo. Nikatoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamekuja kuchukua vitu vyake. Mama yake na mchungaji wao mmoja. Chuo kimempa ruhusa ya kusitisha masomo kwa muda. Daktari wa huko kwao anamwona kila wiki, na ameanzishiwa dawa. Ciru mwenyewe hakuja.

Godoro limebaki wazi, la bluu, na doa la kahawa. Mama Ciru aliniachia chapati. Nimekula moja nikiwa nimesimama.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwandikia Ciru ujumbe. Ameusoma. Hajajibu.

Nalala taa ikiwaka. Chuo kimenipa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito. Nimekwenda. Nimekaa kimya karibu muda wote, naye hakunisukuma. Ameniambia nirudi wiki ijayo.

Bwalo bado siliwezi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeota mlango haufunguki. Nimeamka mkono unauma, nadhani niligonga ukuta.

Mama kapiga kutoka Morogoro. Nilikuwa nimeshaandaa kusema kila kitu ni kizuri. Nikashindwa. Nimemweleza yote. Alilia, mimi nikalia, vocha yake ikaisha katikati. Akapiga tena kwa simu ya jirani.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama Ciru amepiga. Chuo kitafunga kwa sikukuu ya Shukrani, na hataki nibaki hosteli peke yangu. Niende Arlington. Nikamuuliza kama Ciru anajua. "Anajua," akasema. Sikuthubutu kuuliza anasemaje.

Naogopa kwenda. Naogopa kutokwenda. Nimekata tiketi ya basi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nyumba imejaa wageni wa kanisani, wengi manesi, wanaulizana zamu. Kuku, pilau, mukimo wa viazi vilivyopondwa, na bata mzinga mmoja mkubwa ambaye hakuna anayemgusa. Mama Ciru alinitambulisha kama mwanawe wa Tanzania. Hakuongeza kitu.

Ciru amenenepa kidogo usoni. Jana alinifungulia mlango, akachukua begi langu, basi. Asubuhi tukawekwa wote jikoni kumenya viazi. Beseni katikati yetu.  Nilijikata kidole, akanipa tishu bila kunitazama. Mwakani atajaribu somo moja tu, chuo cha karibu na nyumbani. Si kemia. Hilo nimelisikia kwa mama yake.

Halafu akasema, kwa Kiswahili, taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Nilikuskia. Kutoka mwanzo. Ulipogonga."

Nikaacha kisu.

"Nilikuwa nangoja uende," akasema. "Haukuenda."

  Nikachukua kiazi kingine. Naye akachukua kingine.

Sasa ni alasiri. Wageni wako sebuleni, sauti zao zinafika huku chumbani zimepungua. Ciru amelala kitanda cha pili, nami nimekaa kwenye hiki. Mlango uko wazi. Mama yake anapita koridoni kila baada ya muda, anachungulia, anarudi kwa wageni. Mimi na mama yake hatujapangana zamu. Akitoka yeye, mimi nainua macho kutoka kwenye daftari, namtazama Ciru.

Anapumua. Naandika mstari mwingine.