Mwiko wa Mayai

Mafiga, Morogoro
4 Februari 2024

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Habari za Kinole, na goti linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama pia hajambo, ila hajui kama ninakuandikia. Kwenye simu nikimtaja Collins unakata, ndiyo maana barua hii nimempa Mama Kristina anayetuletea ndizi kutoka huko.

Mdogo wangu huyo sasa ana miaka saba. Bado haongei, lakini anapanga vifuniko vya soda kwa rangi na hakosei. Daktari alisema ana usonji. Mwezi uliopita watafiti walikuja shuleni kwake. Wanachukua mate ya familia ili wasome vinasaba, yaani yale tunayorithi mwilini kwa wazazi wetu. Niliuliza kama watamponya. Walisema hapana, wanatafuta chanzo, na huenda ikachukua miaka mingi. Waliuliza pia kama yupo mwingine kama yeye katika ukoo wetu. Mama alisema hayupo. Ni kweli, Bibi?

Mjukuu wako,
Anastasia


Kinole
18 Februari

Kwako mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linauma, mdomo hauumi, kwa hiyo sikiliza. Katika ukoo wetu hayupo. Mama yako alikula mayai akiwa na mimba ya mtoto huyo. Nilimkanya mbele ya watu, akacheka. Mate yangu siwapi watu nisiowajua. Wewe soma.

Bibi yako


Mafiga
25 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Nimekuwekea dawa ya kuchua.

Sikuandika ili tubishane. Lakini Mama hajala yai miaka saba. Akitukaangia sisi, yeye anakula mchicha. Juzi nilimsikia akimwambia Collins, "Nisamehe, mwanangu," na Collins akaendelea kupanga vifuniko vyake.

Nilimuuliza daktari wa utafiti kuhusu mayai. Hakucheka. Alisema yai halileti usonji, na hakuna mama wa kulaumiwa.

Nitaandika kila Jumapili mpaka unijibu.

Mjukuu wako,
Anastasia


Kinole
19 Mei

Mke mwenzangu,

Hujambo? Goti limepata nafuu. Barua zako kumi na moja za Jumapili ninazo zote. Mama Kristina anauliza kama yeye ni muuza ndizi au posta.

Nilikudanganya. Kabla ya mama yako nilimzaa Laurenti. Hakuongea. Alikuwa akipanga maharage, meusi huku, mekundu kule, na ukiyachanganya alilia mpaka jua lizame. Wageni wakija nilimfungia ndani. Surua ilimchukua akiwa na miaka tisa, mama yako hajazaliwa, na tangu hapo sikumtaja tena.

Nilipokuwa na mimba yake, mama yangu alinilinda kama askari. Sikula yai hata moja.

Nimekaa na jambo hilo tangu Pasaka. Kama mimi sikula, mama yako alikosa nini?

Ijumaa nashuka na Mama Kristina. Waambie watafiti nitaweka sahihi kwa mkono wangu. Uliandika kwamba nusu saa kabla ya kutoa mate mtu asiweke kitu mdomoni. Ugoro nitauacha nyumbani. Na jina la Laurenti waliandike.

Mwambie mama yako siku hiyo asipike. Nakuja na mayai ya kuku wangu. Nitamkaangia mwenyewe, na nitakaa mbele yake mpaka amalize.

Bibi yako,
mama wa Laurenti na Margareth